Nukta Zilizofagiwa

Inspekta Koleo aliamini takataka kuliko alivyoamini watu. Mtu akikupa ushahidi, alipenda kusema, ujue ameshauosha, ameupiga pasi na kuunyunyizia manukato. Pipa lake la taka ndilo halijajifunza kudanganya. Katika utumishi wake alikuwa amefukua mapipa mpaka panya wa mjini wakawa wanampisha njia. Jina la Koleo alipewa na wenzake baada ya kumhoji kasuku wa tajiri mmoja aliyeuawa. Wanasema siku ya tatu kasuku aliomba wakili, siku ya nne akaomba radhi. Koleo hakuwahi kukanusha. Hadithi kama hiyo inapunguza kazi.

Ndiyo maana asubuhi hiyo, alipopewa ripoti ya hospitali kuhusu ubongo wa mwokaji mikate aliyeitwa Chachu, hakujisumbua na mwisho wake, pale palipoandikwa kwa herufi nene kwamba mgonjwa hana dalili yoyote ya ufahamu. Alisoma katikati. Huko akakuta sentensi moja nyembamba, imejibana kama kunguni kwenye mshono wa godoro: *nukta za wakati zisizofaa ziliondolewa kabla ya uchambuzi.*

"Ziko wapi?" akauliza.

Mchambuzi wa picha za ubongo aligeuka na kiti chake. Alikuwa mtu mzima mwenye kipara na sweta la mikono mirefu, kwa kuwa chumba chake hakikuwa na dirisha na baridi ya humo ilikuwa ya kuhifadhia nyama. Hospitali nzima ilimwita Fagio. Data ingeweza kuingia kwake chafu kama mguu wa mkulima, ikatoka inameremeta.

"Ziko wapi nini, Afande?"

"Hizo mlizoziondoa."

Fagio akacheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa maji ya kuoshea vyombo yamekwenda wapi. "Hizo ni uchafu."

"Ndiyo nataka huo uchafu. Nieleze polepole, mimi nilisomea wezi."

Fagio akavuta pumzi. "Mashine inapiga picha ya ubongo mzima kila baada ya sekunde mbili. Kila picha tunaiita nukta ya wakati. Sasa, mgonjwa akitikisa kichwa, picha inaharibika. Umewahi kumpiga picha mtoto asiyetulia? Unapata mtoto mwenye pua tatu. Na hapa ni vivyo hivyo, damu, ambayo ndiyo tunayoifuatilia, inaonekana imekwenda mahali ambapo haikwenda. Kwa hiyo picha hizo tunazitupa. Kila mtu wa kazi hii anatupa."

"Na huyu Chachu mlimtaka afanye nini humo ndani?"

"Mtu wa hali yake hawezi kusema, hawezi hata kukunyooshea kidole. Tunamwomba afikirie. Kwa kuwa ni mwokaji, tulimwambia hivi: ukisikia 'kanda', fikiria unakanda unga kwa nguvu zako zote. Ukisikia 'pumzika', acha. Kama kuna mtu ndani, ile sehemu ya ubongo inayotuma mikono kazini itawaka kwenye kanda na kuzimika kwenye pumzika."

"Ikawaje?"

"Giza," alisema Fagio, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya vitunguu. "Nyumba haina mtu."

Koleo alitazama saa ya ukutani. Baada ya chakula cha mchana wangeichomoa mashine ya kupumulia. Mke wa Chachu alikuwa ameshatia sahihi, mdogo wake Chachu naye ameshatia. Chachu mwenyewe alilala ghorofa ya juu na bomba kooni, hana habari, au anazo zote. Koleo hakuwa anamwonea huruma. Alikuwa anamhitaji. Ndiye shahidi pekee katika jalada lake, na shahidi akizikwa, jalada nalo linazikwa pembeni yake.

"Nichoree ulichotupa," akasema.

"Afande, nina kazi—"

"Kazi yako ndiyo hii. Chora."

Fagio akabonyeza, akabonyeza tena, na kwenye skrini ukatokea ukanda mrefu kama wa suruali. Penye nukta zilizobakizwa palikuwa peupe, penye zilizotupwa peusi. Koleo akauinamia mpaka pua ikaacha ukungu kwenye kioo. Alitegemea kuona madoa, la huku na la kule, kama kinyesi cha kuku uani. Alichoona ni milia. Myeusi, myeupe, myeusi, myeupe, mipana kwa mipana, imepangwa kama ya pundamilia.

"Nani alimfuga huyu?" akauliza.

"Ni bahati mbaya tu. Mgonjwa alitikisika sana."

"Alitikisika kwa zamu? Nipe ratiba ya lini mlimwambia akande na lini apumzike."

"Iko kwenye kompyuta ya Profesa."

"Itoe huko. Nikirudi nisipoikuta hapa, nitaketi juu ya kibodi yako mpaka ijichapishe yenyewe."

*

Kwenye ukumbi wa wodi, mke wa Chachu na mdogo wake Chachu walikuwa wameketi benchi moja, katikati yao kikapu cha mikate. Waligawa vipande kwa wauguzi waliopita, kama watu waliokuja kutangaza biashara. Mke alivaa gauni jeusi jipya. Jipya kweli, kwani kikaratasi cha dukani kilikuwa bado kinaning'inia chini ya kwapa.

"Afande, tena?" mdogo mtu akalalamika. Alikuwa na kovu lililoikata nyusi yake vipande viwili. "Tumeeleza mpaka mate yamekauka."

"Nitakuazima yangu. Eleza."

Akaeleza, na maelezo yalikuwa yale yale, yamenyooka kama mashati ya dobi. Alifika alfajiri kufungua duka. Mikate ilikuwa tayari kwenye rafu, imepoa. Kaka hayupo. Akateremka ngazi za ghala la unga, akamkuta chini kabisa, kichwa kimepasuka. Shemeji yake alikuwa juu, amelala.

"Mimi nikilala ni gogo," mke akadakia. "Muulize yeyote."

"Na mikate nani aliitoa tanurini?"

"Si kaka mwenyewe," alisema mdogo mtu. "Aliitoa, akaipanga, ndipo akaenda ghalani akaanguka. Mikate ile ilikuwa ya hapa hapa hospitali. Kaka kwa oda ya hospitali alikuwa hana mchezo."

Koleo akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeridhika. Ndani ya jalada lake mlikuwa na maelezo ya wauguzi wa siku ya kwanza, nayo hakuyataja. Yalisema kwamba mgonjwa alipoletwa, mikono yake ilikuwa imeganda donge bichi la unga mpaka viwikoni, na kwamba walimsugua kwa brashi hadi wakachoka. Mtu hatoi trei za moto kwa mikono iliyovaa donge. Jambo hilo lilimkaa Koleo kama kokoto ndani ya kiatu, lakini kokoto peke yake halifungi mtu.

Akageukia jambo jingine. "Mama, mumeo alikuwa anakandaje?"

"Anakandaje? Kama watu."

"Nionyeshe."

Mke akamtazama shemeji yake, shemeji akainua mabega. Basi mwanamke akasimama, akashika donge la hewani, na mara kicheko kikamtoroka. "Yeye alikanda kwa kichwa! Haki tena. Mikono inafanya kazi, lakini kichwa ndicho msimamizi. Kinakwenda mbele, kinarudi. Mbele, kinarudi. Kama beberu anayegombana na mlango!"

"Hata akisimulia jinsi ya kukanda, kichwa kinaanza," mdogo mtu akachangia, naye anacheka. "Wafanyakazi walikuwa wanamwigiza akigeuka."

"Akiwakuta?"

Kicheko kikakatika. Mdogo mtu akagusa nyusi yake. "Aliyekutwa alikula trei ya uso."

Wakakumbuka wako wapi. Mke akaketi na kuvuta kamasi ambazo hazikuwepo. Alipoinua uso, Koleo alikuwa ameshafika mwisho wa ukumbi, anatembea kwa haraka ya mtu aliyesikia sufuria lake linafurika jikoni.

*

Ratiba ilikuwa mezani, imechapishwa. Fagio naye alikuwa mezani, amechapika zaidi.

Koleo aliweka karatasi ya milia juu ya karatasi ya ratiba, akaziinua zote mbili mbele ya taa. Hakuhitaji hata kuvaa miwani. Kila palipoandikwa *kanda*, palikuwa peusi. Kila palipoandikwa *pumzika*, palikuwa peupe.

"Ulishaziona hivi?" akauliza.

Fagio akaivuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole.

"Mlibisha hodi. Kila mara mwenye nyumba alipokuja kufungua, mlifumba macho. Alipokwenda kuketi, mkafumbua, mkaandika kwamba nyumba haina mtu. Nimekosea?"

"Ni pampu ya hewa, Afande. Inaweza kumtikisa kichwa. Jambo hilo linajulikana."

"Pampu inazimwa wakati wa pumzika?"

"Hapana. Akikosa hewa—"

"Basi mbona wakati wa pumzika haimtikisi? Pampu ina masikio? Ikisikia kanda inamsukuma, ikisikia pumzika inamwonea haya?" Akazishusha karatasi. "Anatikisika kwa sababu anakanda. Miaka yote amekanda kwa kichwa. Hapo shingoni pamebaki uzi mmoja wa nguvu, hata jicho haliuoni, na mlipomwambia kanda, aliuvuta huo uzi kwa roho yake yote. Bidii yake ndiyo iliyomwingiza kwenye pipa lako. Sasa niambie, mnatupa picha kichwa kikisogea kiasi gani?"

"Nusu milimita."

"Na hapa?"

Fagio akainua kikombe cha kahawa, akanywa. Kikombe kilikuwa kitupu tangu jana.

"Hapa, Fagio."

"Robo."

"Nani alipunguza?"

Mtu akishikwa pabaya huwa na namna mbili, hupaza sauti au hupoteza mifupa. Fagio alikuwa wa pili. Alianza kuteremka kwenye kiti polepole, na maneno yakawa yanatoka huku anateremka.

Uchambuzi wa kwanza, kwa kikomo cha kawaida, uliwaka. Uliwaka kama tanuri. Alikimbia kwa Profesa na karatasi mkononi. Lakini Profesa alikuwa ameshasimama pale kitandani, mbele ya wanafunzi wake na ndugu wa mgonjwa, akatangaza kwamba huyu amekwisha kuondoka na kilichobaki ni mzigo. Alitangaza kabla picha hazijachambuliwa. Akaitazama karatasi ya Fagio, akasema, "Hizi ni kelele za kichwa. Kasafishe vizuri." Fagio akasafisha. Giza likaingia. Profesa akasema, "Umeona?"

"Wewe ulijua?"

"Sikuwa na hakika."

"Nimekuuliza ulijua?"

Fagio sasa alikuwa karibu chini ya meza. "Katika zamu ya kwanza nilisahau kumwambia apumzike. Simu ilikuwa inaita, nikatoka. Niliporudi mstari wa kichwa ulikuwa bado unapanda na kushuka. Alikuwa hajaacha. Kengele ya mashine ya moyo ilishaanza kulia. Nikasema pumzika, akatulia pale pale. Haachi mpaka aambiwe, Afande."

"Halafu?"

"Halafu nikaenda kula."

"Ulikula nini?"

Swali halikuwa gumu. Kantini ya hospitali ilikuwa na mikate ya aina moja tu.

*

Profesa alimpokea Koleo akiwa na mkate wa siagi mkono mmoja na kalamu mkono mwingine, nyuma yake ukuta uliojaa vyeti kwenye fremu, vimebanana kama abiria. Alikuwa na sauti nzuri, ya kusomea watu habari mbaya.

"Inspekta, watu wa kawaida huona rangi kwenye picha wakadhani wameona roho," alisema. "Kazi yangu ni kuwakinga na matumaini ya uongo."

"Ndiyo maana ukapunguza kikomo."

"Nilikaza usafi."

"Kwa mgonjwa huyu tu?"

Profesa alitafuna. "Kwa kila mgonjwa daktari anatumia busara yake."

Koleo akaziweka karatasi mbili kwenye meza, moja juu ya nyingine, akazisogeza karibu na taa yake nzuri ya shaba. Profesa akazitazama, na kwa mara ya kwanza taya lake likasahau mkate uliokuwemo.

"Hata kama yumo," akasema baadaye, kwa sauti nyingine kabisa, "yumo wapi, Inspekta? Yumo ndani ya gunia lililoshonwa mdomo. Hawezi kulia, hawezi kumfukuza nzi. Wewe ungetaka kukaa humo? Mimi nilikuwa namfanyia hisani."

"Basi tumuulize kama anaitaka."

"Mashine ina foleni ya wagonjwa."

"Nitakueleza foleni ninayoiona mimi," alisema Koleo, akiketi bila kukaribishwa. "Wa kwanza ni mwendesha mashtaka, anataka kujua nani alificha shahidi. Wa pili ni wanafunzi wako. Hao nitawaita sasa hivi, niwaweke karatasi hizi mbili mbele ya dirisha, niwaache wajionee wenyewe. Vijana wana macho makali. Mpaka jioni hata wauza kahawa pale getini watakuwa wanakuita Pundamilia."

Mwendesha mashtaka hakumtikisa Profesa hata kidogo. Wanafunzi ndio waliomtikisa. Akauweka mkate chini, akapangusa vidole kimoja kimoja, akainua simu na kuamuru chumba cha mashine ya picha kiwe wazi.

*

Chumba cha kuongozea mashine kilikuwa chembamba, chenye dirisha la kioo nene. Ng'ambo ya kioo, Chachu alikuwa ameingizwa kwenye tundu la mashine mpaka kifuani, nyayo zake mbili zimeachwa nje kama viatu mlangoni. Fagio aliketi mbele ya skrini. Mmoja wa mistari ulikuwa wa kichwa, mwembamba, umelala kama uzi sakafuni. Mwingine ulikuwa wa moyo.

Kengele ya moyo ikalia mara mbili kwa sababu ya nyaya kuguswa. Profesa akakunja uso, akaizima. "Tunataka kusikilizana humu," akasema.

Koleo alikuwa ameagiza mke na mdogo mtu waletwe. "Njooni mumuage," aliwaambia kwa upole uliowafaa watu wa msibani, akawaketisha mahali wanapoona skrini. Mke alikuja na kikapu chake.

Kisha Koleo akakinyakua kipaza sauti kutoka mkononi mwa Fagio.

"Chachu. Mimi ni polisi. Nitasema jambo. Kama ni kweli, kanda. Kama si kweli, tulia. Nikisema pumzika, acha." Akamtazama Fagio, Fagio akaitikia kwa kichwa. "Kama wewe ni mwokaji, kanda."

Uzi ukanyanyuka. Ulipanda, ukashuka, ukapanda, ukashuka, kwa mwendo wa mtu mwenye kazi ya kumaliza. Kwenye skrini ya pembeni, juu ya picha ya kijivu ya ubongo, doa jekundu likachomoza na kutanuka.

"Pumzika."

Uzi ukalala.

"Kama wewe ni seremala, kanda."

Uzi haukusogea.

Mke alikuwa amesimama bila mwenyewe kujua. Kikapu kiliteleza kutoka magotini, mikate ikabiringika mpaka kwenye viatu vya Profesa. Hakuna aliyeiokota.

"Yumo?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya furaha.

"Yumo, mama. Kaa chini. Alikuwemo siku zote mlipokuwa mnaongea juu ya kitanda chake." Koleo akakisogeza kipaza sauti mdomoni. "Chachu. Kama ulisukumwa ngazini, kanda."

Chumba kizima kikautazama uzi. Ulilala.

Mdogo mtu akapumua kwa kishindo, akajipiga paja. "Si niliwaambia! Alianguka mwenyewe! Wiki nzima mnanitazama kama mwuaji, haya sasa, amesema mwenyewe. Kaka, ubarikiwe!"

"Nimefurahi umemwamini," alisema Koleo bila kugeuka. "Usije ukamwacha njiani. Chachu, kama ulipoanguka uliita watu, kanda."

Uzi ukapanda.

"Pumzika. Kama kuna aliyekuja, kanda."

Ukapanda tena.

"Pumzika. Kama alikuja mtu mmoja, kanda."

Ukalala.

"Kama walikuja wawi—"

Uzi ulipaa kabla neno halijafika mwisho, ukagonga dari ya skrini, ukashuka, ukagonga tena.

"Pumzika," alisema Koleo, na sasa akageuka. Uso wake ulikuwa na ule utulivu wa mtu anayechambua samaki. "Aliletwa hapa na donge bichi mpaka viwikoni. Maana yake alianguka katikati ya kukanda, alikuwa anafuata unga ghalani. Lakini asubuhi donge lile lile lilikuwa mikate kwenye rafu. Donge halijikandi likajimalizia. Lilitaka kukandwa, likataka kufunikwa liumuke, likataka kukatwa, kuokwa, kutolewa. Hiyo ni kazi ya saa nyingi, na ya watu wawili. Na ngazi za ghala zinaanzia pale pale kwenye meza ya kukandia. Nimezipima kwa miguu yangu."

"Ilikuwa oda ya hospitali!" mdogo mtu akaropoka. "Tungeipoteza! Yeye mwenyewe angetuua kama tungeipoteza! Tulisema tumalize kwanza, halafu tuite gari. Tumalize kwanza tu. Shemeji, mwambie!"

Shemeji yake hakumtazama. Alikuwa anatazama zile nyayo mbili ng'ambo ya kioo.

"Miaka yote alikuwa ananiita kwa teke la ukutani," alisema. "Jina langu nilikuwa nimeshalisahau. Usiku ule ndiyo aliniita kwa jina. Kwa upole kabisa, kama bwana harusi. Akaita tena. Nikakaa kwenye ngazi ya juu, nikamsikiliza." Akatega sikio, kama bado anamsikia. "Nilitaka tu nimsikie zaidi kidogo."

Profesa aliinamisha macho, akayaona makombo kwenye tai yake, akayapangusa. Akapangusa tena mahali pasipo na kitu.

Koleo hakuwa mtu wa kuacha msumari nusu. Alitaka swali moja zaidi, la kupigilia. Akakinyanyua kipaza sauti.

"Chachu. Kama uliendelea kuwaita mpaka harufu ya mikate iliyoiva ikakufikia, kanda."

Uzi ukapanda. Ukashuka. Ukapanda.

"Inatosha hiyo," alisema Koleo. Akakilaza kipaza sauti juu ya meza, akachomoa pingu kiunoni. Mdogo mtu alitaka kukimbia, lakini mlango ulikuwa mmoja na Koleo alikuwa ndani yake. Mke alinyoosha mikono mwenyewe. Kile kikaratasi cha dukani kikajinasa kwenye pingu, Koleo akakinyofoa na kumkabidhi, kama mwuza duka mwenye adabu.

"Profesa, tangulia. Maelezo yako yatakuwa marefu, tutahitaji kiti chenye mto. Na wewe, Fagio, simama."

Fagio alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa meza, macho kwenye skrini. "Afande, hujamwambia—"

"Utaandika kwenye maelezo yako."

"Hapana, Afande, nisikilize, hujasema—"

"Ulikuwa na wiki nzima ya kusema." Akamshika kola, akamsukuma nje na wenzake, nao wakapita ukumbini kwa mstari, pingu zikilia, Fagio akigeuka nyuma kila hatua mpaka Koleo akamtia konzi la kisogoni.

Koleo alirudi mlangoni kuzima taa, akakitupia kioo jicho la mwisho. Ng'ambo, zile nyayo mbili zilikuwa palepale, zimetulia. Kwenye skrini uzi ulikuwa bado unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, sasa kwa kasi zaidi, na chini yake mstari wa moyo unaukimbilia. Kengele haikulia.

"Mtazame," alisema Koleo, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jalada lifunguliwe. "Anashangilia."

Akauvuta mlango, akaufunga vizuri.